Sindano ya msuli kwa mtu aliyekonda

Maneno haya yalisomwa na kamati ya afya mbele ya mkutano wa wanachama. Tunayachapisha jinsi yalivyosemwa, kwa ajili ya wanachama wa vijijini ambao hawakuweza kufika, na kwa ajili ya wafadhili wetu walio mbali.



Sisi wa kamati ya afya ni wauguzi na wakunga tuliorudi. Kati yetu kuna waliosomea hapa Congo kabla ya vita, na kuna waliojifunzia kazi kule kambini, Lugufu na Nyarugusu. Leo tunatumika katika vituo vya afya vya huku Fizi, na wengine tunasaidia tu pale panapohitajika mkono. Mkutano uliopita mlituuliza swali: kwa nini watoto wetu na wazee wetu wakipigwa sindano wanavimba, na wengine wanabaki wakichechemea? Mkasema tujibu mbele ya watu wote, si pembeni. Ndiyo kazi ya leo.

Jibu fupi tunalitoa sasa hivi, maana kuna bamama watakaotoka mapema kwenda kupika. Mtu aliyekonda hapigwi sindano kama mtu mwenye nyama. Mahali pa kupiga panabadilika. Urefu wa sindano unabadilika. Wingi wa dawa unabadilika. Na kabla ya hayo yote kuna swali la kuuliza: je, sindano yenyewe inahitajika? Ukiyashika mambo hayo manne, umekwisha kubeba maneno yetu yote. Yanayobaki ni kueleza.

Mwenye nyama kidogo ndiye anayepigwa sindano nyingi

Kukonda hatuhitaji kufundishwa. Tuliovuka ziwa kutoka Kigoma kuja Baraka tulikuta mashamba yamekuwa pori. Muhogo ukiupanda leo hauli mwezi ujao, unangoja karibu mwaka na mara nyingine zaidi. Wakati wa kungoja watoto wanakula bugali na sombe, ndagala inaonekana siku mojamoja, halafu bwaki inaingia nyumbani. Pamoja na hao kuna wenye kifua kikuu, kuna wenye virusi vya UKIMWI, kuna wazee ambao meno yamekwisha, kuna mama aliyezaa akapoteza damu nyingi, kuna wale wanaoshuka kutoka milimani wakikimbia bunduki na kufika hapa bila kitu.

Sasa sikilizeni jambo moja ambalo wengi hawalijui. Mtoto mwenye utapiamlo mkali hatundikiwi serumu ovyo. Moyo wake umedhoofika pamoja na mwili wote. Ukimjaza maji kupitia mshipa, moyo unaweza kushindwa na mtoto akafa mikononi mwako. Serumu anawekewa kwa sababu maalumu tu, kama vile akiwa na mshtuko wa mwili, tena kwa uangalifu mkubwa. Kwa hiyo pale ambapo hakuna mrija wa mshipani, dawa zake nyingi za mwanzo zinapitia kwenye msuli.

Hesabuni pamoja nasi. Mtoto aliyelazwa kwa utapiamlo mkali wenye matatizo mengine, utaratibu wa Shirika la Afya Duniani unasema apewe ampisilini kila saa 6 kwa siku 2, na jentamisini mara moja kwa siku kwa siku 7. Kama zote zinapitia msulini, hizo ni sindano 8 na nyingine 7. Jumla 15, ndani ya wiki moja, katika mapaja ambayo ni ngozi na mfupa. Mwenye nyama kidogo kuliko wote ndiye anayepigwa sindano nyingi kuliko wote. Ndiyo maana muuguzi asiyejua kumpiga mtu aliyekonda anaweza kumponya homa akamwachia kilema.

Ndani ya tako kuna nini

Watu wengi wanajua sindano ya tako. Tangu zamani ukisema sindano, mgonjwa anageuka na kushusha nguo. Lakini ndani ya tako unapita mshipa mkubwa wa fahamu, mkubwa kuliko yote mwilini. Unatoka kiunoni, unapita tako upande wa ndani na chini, unashuka nyuma ya paja mpaka mguuni. Kwa mtu mzima unene wake unakaribia kidole. Huo ndio unaouambia mguu: inuka, kanyaga, geuka.

Kwa mtu mwenye nyama, mshipa huo umelala chini kabisa, juu yake kuna msuli mnene na mafuta. Kwa mtoto aliyekonda msuli wa tako umekuwa mwembamba kama kitambaa. Ukichukua sindano ndefu ya mtu mzima, ukaisukuma yote, unafika kwenye mfupa au kwenye ule mshipa wenyewe. Na si lazima ncha iuguse. Dawa kali ikimwagwa karibu nao inatosha kuuharibu.

Kuna mtoto wa mmoja wetu hapa, jina hatulitaji. Alikuwa na malaria, mwili umekwisha, akapigwa kwinini takoni na mtu aliyekuwa anazunguka nyumbani kwa nyumbani na mfuko wa dawa. Homa ilishuka. Siku ya tatu mama yake akaona mguu mmoja hauinuki mbele, vidole vinaburuta chini, kiatu kinaisha upande wa ncha. Leo anatembea kwa kuinua goti juu sana kama anayepanda ngazi. Chama kililipa safari ya kumpeleka kwa wataalamu wa mazoezi ya viungo, na amepata nafuu kidogo. Wengine wakipata mazoezi mapema wanarudi baada ya miezi. Wengine hawarudi kabisa.

Na kwinini ya msuli ilikuwa na sifa mbaya hiyo Afrika nzima. Ni dawa kali yenye asidi, inaunguza nyama, inaleta majipu, na nyama iliyoungua inakakamaa mpaka goti linakataa kukunjika. Lakini hapa kuna habari njema. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 9 za Afrika, Congo yetu ikiwemo, kwa watoto 5,425 wenye malaria kali. Waliopewa kwinini walikufa 10.9 kwa mia, waliopewa artesuneti walikufa 8.5 kwa mia. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likasema artesuneti ndiyo iwe ya kwanza kwa watoto wenye malaria kali, kama ilivyokwisha kuwa kwa watu wazima. Artesuneti inapigwa mara 3 katika saa 24 za kwanza: wakati wa kupokelewa, baada ya saa 12, na baada ya saa 24. Kisha mara moja kwa siku mpaka mgonjwa aweze kumeza vidonge. Na ikipitia msulini, inapigwa pajani mbele. Kwa hiyo ukisikia mtu anataka kumpiga mwanao kwinini takoni, uliza: kwa nini si artesuneti, na kwa nini si pajani? Kuuliza si kumdharau muganga.

Mahali: paja kwanza, nyonga pili

Kanuni yetu ni hii. Mtoto: paja. Mtu mzima aliyekonda: paja au nyonga. Tako la mtu aliyekonda tuliache likalie kiti.

Kwa paja, tunatafuta upande wa nje, katikati. Weka mkono mmoja juu, pale mfupa wa paja unapochomoza ubavuni. Weka mkono mwingine chini, juu kidogo ya goti. Gawanya paja mafungu matatu, chukua fungu la katikati, upande wa nje unaoelekea mbele. Hapo hakuna mshipa mkubwa wa damu wala wa fahamu wa kutuogopesha. Na hata mtoto aliyekonda sana, hapo ndipo panapobaki na nyama.

Halafu jambo linalosahauliwa: kwa mtu mnene tunatandaza ngozi, kwa mtu aliyekonda tunakusanya nyama. Shika paja kwa kiganja, kusanya msuli taratibu kati ya kidole gumba na vidole vingine, uinuke kutoka kwenye mfupa. Hapo ndipo unapopiga, kwenye kile kilima ulichokiinua. Bila kukusanya, sindano inakwenda moja kwa moja kugonga mfupa. Ikigonga mfupa usimwage dawa pale pale; rudisha nyuma kidogo kwanza.

Kwa nyonga ya mtu mzima, mlaze kwa ubavu. Ukipiga nyonga ya kushoto tumia mkono wako wa kulia. Kiganja kikae juu ya ule mfupa wa paja unaochomoza ubavuni. Kidole cha shahada kielekee kwenye ncha ya mfupa wa nyonga kwa mbele, ule unaougusa ukifunga mkanda. Kidole cha kati kitanuke kurudi nyuma kufuata ukingo wa mfupa wa nyonga. Katikati ya vidole viwili hivyo ndipo pa kupiga. Wanaoanza wanadhani ni vigumu, lakini kwa mtu aliyekonda mifupa inaonekana kwa macho, kwa hiyo mahali hapo panapatikana kwake upesi kuliko kwa mnene.

Bega je? Bega ni la chanjo na la dawa chache. Chanjo ya pepopunda ni nusu mililita, bega linaibeba. Lakini kumwaga mililita 2 za dawa nzito kwenye bega la mama ambaye mkono wake ni mwembamba kama mwiko, hapana. Chini ya ule msuli na nyuma yake kuna mishipa ya fahamu ya mkono, na mfupa uko karibu.

Na tubadilishe mahali. Leo paja la kulia, kesho la kushoto. Kwa yule mtoto wa sindano 15, muuguzi aandike kwenye karatasi ya mgonjwa: siku, saa, paja lipi. Mwenzake wa usiku akija asikisie.

Urefu wa sindano na wingi wa dawa

Wafadhili wetu, hapa tunaomba masikio yenu zaidi. Wenye kutusaidia hutuletea mara nyingi sindano zenye shingo ya kijani. Hizo ni nene, na urefu wake kwa kawaida unakaribia milimita 40. Zinafaa mtu mzima mwenye nyama. Kwa mtoto na kwa mtu mzima aliyekonda tunahitaji zenye shingo ya bluu, nyembamba zaidi, za milimita 25. Ukikosa zote ukabaki na ndefu, usiisukume yote. Acha sehemu ionekane nje, na ushike vizuri isiingie zaidi mgonjwa akishtuka. Hiyo ni njia ya dharura tu. Dawa yake ni kuwa na sindano fupi kwenye sanduku.

Sasa wingi wa dawa. Msuli mdogo ni kama kikombe kidogo. Ukikijaza kupita kiasi kinamwagika, na dawa ikimwagika chini ya ngozi inaleta uvimbe, maumivu na jipu. Kwa mtoto mdogo tunajiwekea mpaka wa mililita 1 mahali pamoja. Kwa mtu mzima aliyekonda sana, mililita 2. Ikizidi tunaigawanya, nusu paja hili na nusu lile.

Mfano mmoja wa kazi yetu ya kila siku. Mtoto wa kilo 5 anatakiwa jentamisini miligramu 7.5 kwa kila kilo, yaani miligramu 37.5. Kuna vichupa viwili vya jentamisini. Kimoja kina miligramu 10 katika kila mililita. Ukitumia hicho utapata karibu mililita 4. Mililita 4 katika paja la kilo 5! Kingine kina miligramu 40 katika kila mililita; ukitumia hicho haifiki hata mililita 1. Dawa ni moja, mtoto ni mmoja, lakini kichupa kimoja kinamtesa na kingine kinamhurumia. Ila hicho chenye nguvu kinataka bomba dogo la mililita 1 lenye alama zinazosomeka, maana ukikosea kidogo umekosea sana. Kwa hiyo kabla ya kuvunja kichupa, soma kilichoandikwa, piga hesabu kwenye karatasi, mwenzako aihakikishe.

Na hesabu hiyo yote inategemea mizani. Bila mizani muuguzi anakisia kilo kwa umri, na mtoto wa miaka miwili mwenye bwaki hana kilo za miaka miwili. Hata mtu mzima ni vivyo hivyo. Mwanaume wa kilo 38 mwenye kifua kikuu si sawa na yule wa kilo 70, hata kama wote wamefuga ndevu.

Pamoja na mizani kuna utepe wa kupima mkono wa juu. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mkono ukiwa chini ya milimita 115, huo ni utapiamlo mkali, na muuguzi ajue hapo hapo kwamba anayempiga sindano ni mtu wa namna nyingine. Utepe huo hata mama wa nyumbani anafundishwa kuutumia.

Sindano moja, mtu mmoja, mara moja

Sisi Wacongo tuna sababu yetu ya kutosahau usafi wa sindano. Mwaka 1976, kaskazini mwa nchi yetu, katika lopitali ya misheni ya Yambuku, kila asubuhi zilitolewa sindano 5 tu kwa wagonjwa wote wa siku nzima. Kati ya mgonjwa na mgonjwa zilisuuzwa kwa maji ya moto kidogo. Ugonjwa ambao ulikuwa bado hauna jina ukapita katika hizo sindano. Watu 318 waliugua na 280 wakafa. Ndipo dunia ikasikia jina la Ebola.

Kwa hiyo: sindano mpya na bomba jipya kwa kila mtu, hata kama ni mapacha, hata kama ni mama na mwanawe. Ukishapiga, usirudishe kifuniko kwa mkono, utajichoma mwenyewe. Tupa yote, sindano na bomba, ndani ya sanduku gumu la usalama. Sanduku likijaa robo tatu linafungwa na kupelekwa kuchomwa moto mahali pake. Tumewahi kuona watoto wakicheza na mabomba ya sindano nyuma ya nyumba wakirushiana maji. Huo si mchezo.

Kusema na mgonjwa

Mtu aliyekonda ana aibu yake. Anajua watu wanamtazama, anajua wananong'ona ana ugonjwa gani. Muuguzi akisema kwa sauti, «Huyu hana nyama, nimpige wapi?», ameshampiga kabla ya sindano. Tunawaomba wenzetu waseme kwa adabu. «Mzee wangu, leo nitakupiga kwenye paja, si nyuma; ni salama zaidi kwako.» «Mama, lala kwa ubavu, kunja goti kidogo, mguu ulegee.» «Mama mtoto, mkumbatie kifuani, mimi nitashika mguu.» Mguu uliolegea unauma kidogo kuliko uliokaza. Dawa isukumwe polepole, kama mililita 1 kwa sekunde 10.

Na mwambie mgonjwa neno hili mapema: «Ukisikia maumivu kama umeme yanashuka mguuni, sema mara moja.» Akisema hivyo, muuguzi aache pale pale na atoe sindano. Asimalizie dawa kwa sababu imebaki kidogo. Mtoto mchanga hawezi kusema, kwa hiyo kwake tunategemea mahali sahihi na sindano fupi.

Nyumbani nanyi mna kazi. Baada ya sindano, mtazameni mgonjwa kwa siku kadhaa. Pakivimba, pakiwa pa moto na pekundu, homa ikirudi, rudini kituoni. Msikande kwa maji ya moto sana wala kupasua kwa wembe. Mguu ukilegea, vidole vikiburuta, au mtoto akikataa kukanyaga, rudini siku ile ile.

Je, sindano inahitajika?

Tunakuja kwenye lile swali la mwanzo, na hapa wanachama msikasirike. Wengi wetu tunaamini sindano ina nguvu kuliko kidonge. Mtu anatoka kituoni na vidonge anasema hakutibiwa. Anakwenda farmasi au kwa mtu wa mtaani, anatoa franka zake, anapigwa sindano ya dawa ile ile ambayo angeweza kuimeza.

Jamani, tumbo likikubali, kidonge kinafanya kazi. Malaria ya kawaida ni vidonge. Mtoto mwenye utapiamlo mkali asiye na matatizo mengine, mwenye hamu ya kula, anatibiwa nyumbani kwa amoksisilini ya kunywa na chakula cha tiba. Hapigwi hizo sindano 15. Hata kifua kikuu kimebadilika. Zamani aliyeugua tena alipigwa streptomisini miezi miwili mfululizo, wakati mwili wake umekwisha kabisa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliacha kupendekeza utaratibu huo, na mwaka uliofuata likaweka mbele dawa za kumeza hata kwa kifua kikuu sugu. Maana yake wakubwa wa dunia nao wanakimbia sindano pale wanapoweza.

Lakini msitoke hapa mkisema kamati imekataza sindano. Hapana! Chanjo za watoto, pelekeni. Mama akizaa, oksitosini ya uniti 10 pajani inamzuia kumwaga damu. Ni mililita 1 tu, na mama aliyekonda asiyekuwa na damu ya kupoteza anaihitaji kuliko wote. Mtoto mwenye malaria kali anayetapika au aliyezimia anahitaji artesuneti saa ile ile. Ugonjwa ukidai sindano, tusiikimbie. Tunachodai ni ipigwe vizuri.

Tunaomba chama kiamue mambo matatu

La kwanza ni la wanachama. Tukubaliane kwamba sanduku letu la kusaidiana halitalipia sindano iliyopigwa nyumbani na mtu asiyejulikana na kituo. Litalipia safari ya kwenda kituoni, hata usiku, hata kwa pikipiki. Tunajua kituo kiko mbali kwa wengine, na ndiyo maana tunasema safari ilipiwe. Kumwambia mama wa Ubwari asimwite mtu wa mfuko, bila kumpa njia ya kufika kwa muganga, ni kumwachia mzigo peke yake.

La pili ni la kununua. Mizani moja ya watoto na moja ya wakubwa kwa kila kituo tunachosaidia. Tepe za kupima mkono. Sindano za shingo ya bluu za milimita 25, mabomba ya mililita 1 na ya mililita 2. Masanduku ya usalama. Hakuna kitu cha ajabu hapo. Wafadhili wetu, mkituuliza tutume nini, msitume kwanza katoni za dawa za sindano. Tumeni vitu hivi, au tumeni pesa tununue Uvira au Bukavu, na IT wa kila kituo atatia sahihi alichopokea.

La tatu ni la sisi wauguzi. Tuko tayari kukaa na wenzetu wa kila kituo siku mbili, bila malipo, chama kitoe chakula na usafiri tu. Tutashika mapaja na nyonga zetu wenyewe, kila mmoja amtafutie mwenzake mahali pa kupiga mpaka vidole vizoee. Tunaomba wakubwa wa zone ya afya waalikwe, maana kazi hii ni yao pia, na hatutaki kufanya jambo nyuma ya mgongo wao. Wauguzi waliorudi ambao vyeti vyao vya kambini bado havijatambuliwa, nao waitwe. Mikono yao inajua kazi, na kwa siku hizo mbili wakubwa wataiona kwa macho yao.

Mwishoni, tunawaomba mpige kura moja moja kwa kila jambo, msiyafunge pamoja. Kama la pili litagoma kwa sababu sanduku ni dogo, la kwanza na la tatu yaende. Hayo hayangoji katoni kutoka mbali.

Mwenyekiti, tunarudisha neno kwako, na maswali tunayapokea.